Mzee wa Kijerumani anasema utalii umekwisha. Nijenge au niache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne hapa Dunda, Bagamoyo, aliyoniachia marehemu mama. Nimeweka akiba ya kuongeza vyumba viwili. Jirani yangu ni mzee wa Kijerumani, mstaafu, yuko hapa miaka mingi na Kiswahili anakijua. Kila jioni anakaa barazani anasikiliza habari za dunia kwenye simu, na nikipita lazima aniambie jambo: mara vita, mara mafuta, mara Trump, mara uchaguzi wetu. Anasema utalii umekwisha, nchi haiendi popote, nisijenge, bora ninunue dola niziweke. Kuna siku anasema kweli tupu, na wageni wangu wa Ulaya wanapenda kukaa naye. Nimsikilize kiasi gani? Mwenye vyumba, Dunda.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mama.

Msikilize, ila maswali umpangie wewe. Mzee wa aina hiyo mambo ya kwao anayajua sana, ya hapa anayajua kiasi. Shida ni kwamba mtaa mzima humtumia kinyume: wote wanamuuliza Tanzania inakwenda wapi, na hakuna anayemuuliza Wajerumani mwaka huu wanaogopa nini. Swali hili la pili ndilo lenye pesa. Lile la kwanza ni mazungumzo ya jioni tu.

Kazi yangu ni kufundisha na kushauri wenye nyumba ndogo za wageni pwani hii, na karibu kila mji una mzee wake wa namna hiyo. Wa kwako anaonekana ana nia njema, simsemi kwa ubaya. Lakini kabla ya kuyapima maneno yake, tazama anayasema akiwa amekaa wapi.

Pensheni yake inaingia kwa yuro. Shilingi ikidhoofika yeye anapata nafuu, na ikipata nguvu, nchi nzima inakuwa ghali machoni pake ingawa sembe sokoni iko bei ile ile. Kibali cha mstaafu mgeni kwa kawaida ni cha ukaazi daraja C, ambacho si cha kufanyia kazi wala biashara, na kikiisha muda anapanga foleni upya. (Siku akitoka ofisi ya Uhamiaji usimuulize mustakabali wa nchi. Mpe wiki moja.) Kisha kuna ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo miaka yote aliyoishi Bagamoyo, mali yake imekuwa kitu cha kuweza kuhamishwa kesho asubuhi. Akikwambia usijenge, nunua dola, anakupa ushauri ambao kwake yeye ni sahihi kabisa. Wewe una kiwanja, una nyumba ya urithi, na huna pa kuhamia.

Hizo dola zenyewe tuziseme kidogo. Mwishoni mwa 2024 dola moja ilishuka kutoka juu ya shilingi 2,700 hadi karibu 2,400 ndani ya miezi mitatu hivi. Aliyenunua kileleni kwa hofu, akauza Desemba kulipa ada za Januari, anajua alichopata. Na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini. Fundi, saruji, mabati na umeme wa vyumba vyako vyote ni shilingi. Akiba ya kujengea kaa nayo kwa sarafu utakayojengea, au inunue nondo mapema.

Sasa habari za dunia, maana hapo ndipo anapokutisha zaidi.

Habari haifiki Dunda kwa sababu ni kubwa. Inafika ikipita njia tatu: ushauri wa safari ambao serikali ya mgeni inawapa raia wake, bei ya tiketi ya ndege, na mfuko wa mgeni huko kwao. Njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na wenye gesti wengi hawaijui. Ujerumani, Uingereza, Marekani, kila moja ina ukurasa wake unaoeleza nchi ipi ni salama. Ukurasa ukiandika kwamba watu wasiende huko ila kwa jambo la lazima, bima nyingi za safari hazifanyi kazi tena. Wakala haruhusu kundi lake lisafiri bila bima. Hata yule mgeni jasiri anayetaka kuja anakwama hapo.

Mombasa waliliona hilo Mei 2014. Uingereza iliwaambia raia wake waepuke kisiwa cha Mombasa na sehemu ya pwani yake, na baada ya muda mfupi kampuni za utalii zikaleta ndege kuwarudisha kwao wageni ambao likizo zao hazijaisha. Diani, ufukwe wa kusini mwa Mombasa, haikutajwa kwenye onyo lile, lakini uwanja wa ndege ni ule ule wa Mombasa na safari zikakatwa kwa wote. Mabomu na mashambulizi yalikuwa kwenye televisheni kwa miezi kabla ya hapo na wageni walikuwa bado wanakuja. Kilichowaondoa ni sentensi ya serikali yao pamoja na bima iliyofungwa nayo.

Mwaka ule ule Ebola iliwaka Guinea, Liberia na Sierra Leone. Tanzania hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Madrid iko karibu na Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, kuliko Dar es Salaam ilivyo, na huko Madrid muuguzi aliambukizwa kabisa akiwa kazini. Hata hivyo safari za Serengeti ndizo zilizoghairiwa, Hispania watu wakaendelea kwenda. Hapo hapakuwa na sentensi ya serikali, ni hofu tupu ya mtu asiyejua ramani. Hofu ya namna hiyo hudumu msimu mmoja, kisha watu husahau wakatazama bei.

Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, mamia ya Waukraine walikuwa likizo Unguja na wakakosa pa kurudi. Hiyo ilikuwa habari ya Zanzibar. Kwako wewe vita vile vilifika kwa mlango wa jikoni: ngano ikapanda, mafuta yakapanda hadi serikali ikaanza kutoa ruzuku Juni mwaka ule, shilingi bilioni 100 kwa kuanzia. Chapati ya kifungua kinywa na nauli ya bajaji ya kumleta mgeni kutoka stendi viliumia kuliko idadi ya wageni yenyewe. Kwa hiyo mzee akikwambia meli zinapigwa Bahari ya Shamu, usimuulize kama watalii watakuja. Jiulize mafuta yatauzwaje mwezi ujao, na chumba chako chenye kifungua kinywa kinabeba bei ya lini.

Oktoba 2025 tulikuwa habari ya dunia sisi wenyewe. Siku ya uchaguzi, tarehe 29, kulitokea ghasia, watu wakapoteza maisha, Dar es Salaam ikatangaziwa watu wasitoke usiku, mtandao ukazimwa, na nchi kadhaa zikabadilisha ushauri wao wa safari. Hapa mzee wako hakukosea kuona hatari. Fikiria upande wa mgeni aliyekwisha kuweka nafasi: anaandika kuuliza kama ni salama kuja, siku zinapita, hakuna anayejibu. Ukimya ule ameuchukua kuwa ndilo jibu. Jeraha lile sitakudanganya kwamba lilipona siku mtandao uliporudi. Ninachokushauri ni kidogo na hakina gharama: kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi andika namba ya simu ya kawaida, isiwe WhatsApp peke yake, na namba ya ndugu mmoja aliye nje ya nchi anayeweza kumjibu mgeni kwa niaba yako.

Lakini utalii umekwisha? Huo usemi una umri. Umesemwa 2014, ukasemwa 2020, ukasemwa 2022. Mwaka 2019 watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Korona ikawashusha hadi kama laki 6 na ushei mwaka 2020. Mwaka 2023 wakafika milioni 1.8, na 2024 wakavuka milioni 2.1. Anayesikiliza habari kila jioni husikia ajali zote na hasikii hata siku moja kwamba ndege ya leo imetua salama ikiwa imejaa. Hilo si kosa la mzee, ndivyo redio ilivyo.

Wala sisi wenyewe tusijione. Vijiwe vya kahawa kuanzia hapo Dunda hadi Ngamiani kwetu Tanga wanaijua Marekani kuliko Wamarekani, wanaipanga Gaza na Moscow kabla kikombe hakijapoa, na hakuna aliyewahi kufika. Tofauti ni kwamba maoni ya kijiweni hakuna anayeyaendea benki. Ya mzungu, tena mzungu mkimya mwenye miwani, tunayapa uzito wa hati. Angekuwa mzee wa Kidoe anayesema vile vile, ungeshamwambia "haya babu" ukapita zako.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba milioni 2 wale ni wageni wako. Si wako. Wengi wao wanakwenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar, na Bagamoyo wanaisikia njiani kama wakiisikia. Mji wako unakula kwa mkono mwingine, na jambo hili mzee hawezi kulionea barazani kwa sababu wageni anaoongea nao ni wale wanaofanana naye. Chukua kitabu chako cha wageni. Pitisha kidole kwenye safu ya mahali mgeni alikotoka, uanzie Januari iliyopita. Naweka dau kwamba utasoma Dar es Salaam, Dar es Salaam, Morogoro, Dar es Salaam, kisha Mholanzi mmoja, kisha watu sita wa semina walioandikwa kwa mwandiko mmoja na namba moja ya simu. Kuna mwalimu aliyeleta wanafunzi kuona magofu ya Kaole. Kuna wanandoa wa wikiendi walioandika jina la mtu mmoja tu, hao tuwaache.

Ndiyo maana pigo kubwa walilolipata wenye hoteli wa Bagamoyo kabla ya korona halikutajwa kwenye habari yoyote ya dunia. Magufuli alipoingia madarakani Novemba 2015 alibana matumizi, na semina za serikali zikatakiwa kufanyiwa kwenye kumbi za umma badala ya hoteli. Mji ulioko kama kilomita 70 kutoka Dar, unaoishi kwa watu wa warsha za siku tatu, ulikosa hewa. Jirani yako wakati ule huenda alikuwa anakueleza kuhusu Brexit.

Kwa hiyo habari zako za kufuatilia ni hizi: bajeti ya Juni inasema nini kuhusu semina na posho, Idd inaangukia siku gani ya juma na Pasaka tarehe gani, TaSUBa, chuo cha sanaa hapo mjini, wametangaza tamasha lao lini, Misheni ya Kikatoliki wanatarajia hija ngapi. Mwaka 2018, Kanisa lilipoadhimisha miaka 150 tangu wamisionari wa Roho Mtakatifu wafungue misheni yao hapo mwaka 1868, mji ulifurika watu, na wengi wao hawakuhitaji viza. Fuatilia pia barabara ya lami ya kwenda Saadani, Pangani hadi Tanga. Ikikamilika, gari dogo litaweza kutoka Dunda kwenda kwenye hifadhi ambako wanyama wanafika hadi ufukweni, na mgeni wa usiku mmoja atakuwa na sababu ya kulala miwili. Bandari ya Mbegani sitakuchosha nayo. Mkataba ulitiwa saini 2013, ukasimamishwa 2019, tangu 2021 inazungumzwa tena. Usijenge kwa ajili yake, na usiache kujenga kwa ajili yake.

Sasa nirudi kwa mzee, maana nimesema ana faida.

Mpe kazi anayoiweza. Muulize likizo za shule za Ujerumani mwaka huu zinaanza lini katika kila jimbo, kwa sababu hazianzi siku moja, na familia husafiri kwa kufuata kalenda ya jimbo lao. Muulize Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani imeandika nini leo kuhusu Tanzania, akusomee neno kwa neno, asikupe maoni yake kuhusu ilichoandika. Mwonyeshe ujumbe unaowajibu wageni nao akusahihishie Kijerumani. Mlaze usiku mmoja chumba namba mbili bila malipo, asubuhi aseme kila kilichomkera, na wewe unyamaze uandike: taa ya kusomea, chandarua chenye tundu, muziki wa baa ya jirani, takataka kwenye njia ya kwenda baharini, papasi waliomfuata mgeni tangu mnada wa samaki hadi mlangoni pako. Akilalamikia plastiki ufukweni usijitetee kwamba hata Ulaya kuna uchafu. Hapo yuko sahihi, na mgeni wa Dar naye hapendi plastiki, tofauti ni kwamba hataandika mtandaoni, ataacha tu kurudi.

Kuhusu kukaa na wageni wako, mazungumzo ya barazani hayana tatizo. Angalia tu yasigeuke kazi. Agizo la serikali la Julai 2025 liliorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, na kuongoza watalii ni mojawapo. Asiye raia anayevunja agizo anatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au anafungwa, na kibali kinaweza kufutwa. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Najua mzee hana nia ya biashara. Lakini siku mgeni akimshika mkono na noti baada ya kuzungushwa Kaole, na kijana mwenye leseni ya kuongoza amesimama pale anatazama, utatafutwa wewe kwanza.

Na kuna jambo lingine la hao wageni, ambalo nalipa uzito kuliko faini. Mjerumani anayefika Bagamoyo anaikuta historia ya kwao: Boma la 1897, makaburi ya askari wao karibu na bahari, mji uliokuwa makao makuu ya koloni lao hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Akiipata yote kutoka barazani kwa mzee, atapewa tarehe sahihi na majengo sahihi, halafu vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vitapita kama ghasia zilizozimwa. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na hapo Bagamoyo mnayo sehemu ya kunyongea watu, hatua chache kutoka kwenye hayo makaburi yanayotunzwa vizuri. Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda hadi Songea kuomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Mgeni wa leo, hasa kijana, anakuja na maswali hayo mdomoni, na nimeona wanavyokasirika wakipewa jibu la "hayo yamepita". Mtafute kijana wa mji aliyesoma, mwenye leseni, aliyezaliwa kwenye nyumba ambazo babu zao walihadithiana mambo haya. Mzee aje naye, awe msikilizaji siku hiyo. Huenda akapenda.

Sasa vyumba viwili. Kama kitabu cha wageni kinasema ninavyodhani, usijenge vyumba viwili vya mtalii. Jenga kimoja kikubwa cha familia, vitanda vitatu, choo chake ndani, feni mbili badala ya kiyoyozi kitakachokula umeme wote, na pesa inayobaki iweke kwenye tangi la maji na maegesho ya Noah mbili. Mtu wa Dar anachagua gesti kwa maegesho kabla ya kuuliza bei. Chumba cha pili acha msingi na nguzo, umalizie msimu ukiruhusu. Msingi uchimbwe masika yakiisha, usikubali fundi anayetaka kuanza Machi.

Ikiwa kitabu kinasema tofauti, kwamba zaidi ya nusu ya wageni wako wanatoka Ulaya, niandikie tena. Hapo hesabu inabadilika, na itabidi tumkaribishe mzee kwenye mazungumzo na ukurasa wa wizara yao ukiwa wazi mbele yetu. Niandikie pia kama kitabu hakina safu ya mahali mgeni alikotoka. Nimeona vingi visivyo nayo. Ichore leo kwa rula, anza na mgeni wa usiku huu.